Namna ya Kudumu Miaka Milioni Moja: Mwongozo kwa Mkazi wa Miono

Ukizikwa Miono leo bila maandalizi, miaka elfu moja ijayo atakayechimba hapo ataambulia jino moja au mawili, na pengine asipate kitu. Nasema hivi kwa mapenzi yangu yote kwa kata hii. Kwa kuishi, Miono inafaa sana: ufuta unakubali, korosho zinakubali, mananasi ya Kiwangwa hayako mbali, na barabara itokayo Mandera kwenda Saadani inapita hapo hapo. Kwa kudumu, ni mahali pagumu. Joto, mvua za masika na za vuli, mizizi, mchwa na fisi hushirikiana usiku na mchana kuhakikisha kila kilichokufa kinarudi shambani.

Mwongozo huu ni kwa wote wanaotamani kukutwa. Haubagui tajiri wala maskini, kwa sababu ardhi nayo haibagui. Zinjanthropasi, ambaye fuvu lake lilikutwa Olduvai tarehe 17 Julai 1959, hakuwa na cheo wala mali. Alikuwa mla mimea mwenye magego makubwa, akafa miaka milioni 1.75 iliyopita karibu na ziwa ambalo leo halipo, akafunikwa kabla wanyama na jua hawajammaliza. Maelfu ya wenzake, wazuri na wabaya, wajanja na wazembe, wamepotea bila alama. Kaburi la vigae na marumaru unaloliona ukipita barabarani linatunza jina la marehemu vizuri kuliko linavyomtunza marehemu mwenyewe. Anayetaka kudumu kwa mifupa yake hana budi kufuata masharti mengine, nayo ni haya.

Jua unachohifadhi

Nyama, ngozi na matumbo yaage mapema. Kwa hewa ya pwani yetu, hiyo ni kazi ya muda mfupi, na wanaoanza kuifanya ni bakteria uliokuwa nao tumboni tangu utotoni. Mtaji wako ni mfupa. Mfupa umejengwa kwa vitu viwili vilivyofumana: madini ya kalsiamu na fosfati, yanayoupa ugumu, na protini iitwayo kolajeni, inayouzuia usivunjike ovyo. Bakteria na kuvu hula kolajeni. Maji ya mvua, hasa yaliyochujika kwenye majani yanayooza, hubeba tindikali inayoyeyusha madini. Mahali penye mchanga unaopitisha maji kila masika, kazi hizi mbili hukutana, na mfupa hugeuka unga. Meno huchelewa kwa kuwa tabaka lao la nje karibu lote ni madini. Ndiyo maana makabati ya makumbusho duniani yamejaa meno, na wanasayansi wengine wamemaliza maisha yao ya kazi wakisoma magego tu.

Basi piga meno mswaki. Huo ndio ushauri pekee katika mwongozo huu unaoweza kuanza kuutekeleza leo.

Hatua ya kwanza: chagua pa kufia

Usife mlimani. Mlima unapoteza udongo kila mvua inyeshapo, na wewe unahitaji mahali panapopokea udongo. Usife msituni chini ya mti mkubwa. Mizizi itakufuata, na udongo wenye majani yaliyooza una tindikali nyingi. Tafuta bonde, ukingo wa mto, bwawa, ziwa, au matope ya mikoko. Ukiangalia ramani ya visukuku vya Afrika Mashariki utaona mahali pote penye sifa palikuwa na maji yaliyobeba tope: Olduvai palikuwa na ziwa, Tendaguru, mkoani Lindi, palikuwa ufukwe wenye mabwawa ya maji chumvi miaka milioni 150 iliyopita, na yule kijana aliyekutwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 magharibi ya Ziwa Turkana, mwenye umri wa miaka kama milioni 1.5, aliishia kwenye kinamasi.

Kwa mkazi wa Miono, chaguo la kwanza ni Mto Wami. Masika ukifurika, hutandaza tope juu ya kingo zake, na tope la mafuriko ni kifuniko bora kuliko chochote utakachonunua dukani. Kisha mto huo unaingia baharini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako mikoko hunasa kila kinacholetwa na maji. Tope zito lisilopitisha hewa huwanyima oksijeni wale bakteria wenye kasi, na wanyama wakubwa hawapendi kuchimba humo.

Ila uwe mwangalifu na mamba. Tumbo lake lina tindikali kali inayoyeyusha mifupa anayomeza, kwa hiyo ukipita humo hutoki tena. Fisi naye huvunja mifupa na kuisaga hadi uboho. Yupo lakini mmoja wa kale aliyepambana na mamba na bado tunaye, japo kidogo. Jackson Njau, mtafiti Mtanzania, pamoja na mwenzake Robert Blumenschine, walichunguza jinsi mamba anavyoacha alama za meno kwenye mifupa, kisha wakarudi kwenye mifupa ya watu wa kale wa Olduvai. Mwaka 2012 walieleza kwamba mguu ujulikanao kama OH 8 una alama hizo. Inaelekea mwenye mguu alikamatwa ufukweni, akaliwa, na mguu ukabaki kwenye tope. Miaka karibu milioni 1.8 baadaye mguu huo ni miongoni mwa ushahidi mkuu wa jinsi watu wa wakati huo walivyotembea. Kama ni lazima uliwe, basi uliwe na mamba mwenye haraka.

Hatua ya pili: funikwa mapema

Hapa watu wa Miono wana mwanzo mzuri, kwa kuwa kwa Waislamu walio wengi hapa maiti hailali ndani siku tatu ikisubiri wageni kutoka mbali. Anayefukiwa siku ile ile amewanyima fisi, kunguru na nzi nafasi yao. Lililobaki ni udongo. Mchwa watamaliza mbao na sanda, na mvua itashuka hadi uliko. Ungepata udongo wenye chokaa mambo yangebadilika, maana chokaa hupunguza makali ya tindikali na kuuacha mfupa na madini yake. Mapango ya mawe ya chokaa, na yale ya matumbawe ya kale yaliyoinuliwa kutoka baharini, yametunza mengi kwa sababu hiyo.

Mfano bora uko pwani hii hii, kaskazini kwetu, katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Miaka kama 78,000 iliyopita watu walichimba shimo dogo ndani ya pango hilo. Wakamlaza mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Namna mifupa ya mabega na mbavu ilivyobaki mahali pake inaonyesha kuwa sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imefungwa kwa kitu, pengine majani au ngozi. Namna kichwa kilivyoinama inaonyesha kuwa kiliwekewa kitu cha kuegemea, na kitu hicho kilipooza, kichwa kikashuka. Kisha wakamfukia papo hapo kwa udongo wa pangoni. Waliomkuta walimwita Mtoto, na habari zake zilipotangazwa mwaka 2021 ikawa ndiyo maziko ya kale zaidi ya binadamu yanayojulikana barani Afrika.

Mifupa ya Mtoto ilikuwa imelainika mno. Ukiigusa inageuka vumbi. Wachimbaji waliacha kuigusa. Walikata donge zima la udongo, wakalizungushia plasta, na donge hilo likasafiri hadi Nairobi kisha Hispania, ambako lilifunguliwa polepole maabarani. Nimesoma habari nyingi za wafalme na makaburi yao ya dhahabu, na hakuna hata moja iliyonigusa kama hii. Mtu asiyejulikana jina alimwekea mtoto wake mto wa kulalia, na kwa kumfunika vizuri akatuletea habari yake mpaka leo.

Wanaoishi karibu na volkano wana njia yao. Laetoli, kusini ya Olduvai, volkano ilitema majivu miaka milioni 3.66 iliyopita, mvua nyepesi ikayalowesha, watu wakapita, jua likayakausha yakawa magumu kama saruji, kisha majivu mengine yakaja juu. Nyayo zao zilikutwa na timu ya mtafiti Mary Leakey mwaka 1978, na kisigino, kidole gumba na unyayo vyote vinaonekana. Mifupa ya waliopita hapo hatuna. Tuna mwendo wao. Miono hakuna volkano, kwa hiyo njia hii tuwaachie ndugu zetu wa Ngorongoro.

Njia ya mkato kwa walio wadogo

Kama wewe ni nyuki, sisimizi au buibui, soma hapa kwa makini, kwa sababu pwani ya Bagamoyo na Saadani ni miongoni mwa mahali bora duniani pa kuhifadhiwa ukiwa mzima, na mabawa, na nywele za miguuni, na hata chembe za chavua ulizobeba.

Siri iko kwenye msandarusi. Mti huu ukijeruhiwa hutoa utomvu mzito unaoteremka kwenye gome. Mdudu akitua, miguu inanasa. Utomvu mwingine unashuka juu yake na kumfunika kabla hajafa vizuri. Mafuta mepesi yaliyomo kwenye utomvu huruka hewani, kinachobaki kinaanza kujifunga chenyewe kwa chenyewe na kuwa kigumu, na bakteria hawapati maji wala hewa. Donge huanguka chini, mchanga hulifukia, na kazi huendelea kwa mamia na maelfu ya miaka. Likiachwa mamilioni ya miaka, hupevuka likawa kaharabu. Sandarusi yetu haijafika huko. Ni changa kwa hesabu ya ardhi, lakini waliomo ndani yake wanaonekana kama walionaswa jana.

Nyuki wadogo wasio na mwiba ndio wengi zaidi ndani ya sandarusi, na sababu yake ni ya kusikitisha kidogo. Wao huja kwenye jeraha la mti kwa makusudi, kuchukua utomvu wa kujengea mizinga yao. Wamehifadhiwa wakiwa kazini.

Karne ya 19 watu wa nyika hii, Wazaramo, Wadoe na majirani zao, walichimba sandarusi kwa jembe dogo, mashimo yasiyo marefu, mara nyingi mvua ilipolainisha ardhi na pasipokuwa na mti wowote unaoonekana, kwa kuwa msitu uliotoa utomvu ulikuwa umekufa zamani. Mzigo ulikwenda pwani, ukavuka hadi Zanzibar, na sehemu kubwa ikasafirishwa hadi Salem, Marekani, kutengenezea vanishi ya magari ya farasi na samani. Mchimbaji mzoefu alitofautisha sandarusi iliyokomaa ardhini na ile changa iliyokwanguliwa mtini: ile ya ardhini, ikishaoshwa, huwa na ngozi yenye vipele vidogo vidogo juu yake, na bei yake ilikuwa kubwa zaidi. Huo ulikuwa utaalamu kamili wa visukuku, uliofanyika kwa macho na vidole, na nyika hii ilikuwa na mamia ya wataalamu hao. Sandarusi iliyokuwa na mdudu ndani ilipoyeyushwa kuwa vanishi, mdudu alipotea pamoja nayo. Nafikiri ni hasara kubwa kuliko tunavyodhani, kwa sababu kila donge lilikuwa orodha ya viumbe wa misitu ya pwani kabla haijakatwa.

Njia ya wasioweza kungoja tope: kuwa na watu

Njia hii ni ngumu kuliko zote, lakini ndiyo iliyofanyika kwa mafanikio makubwa kuliko yote katika ardhi hii, na mwisho wake ulikuwa Bagamoyo.

Mmisionari na msafiri David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Aliokuwa nao wakafanya uamuzi ambao hakuna aliyewaamuru: mwili utakwenda pwani. Walioongoza walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Kulikuwa na mtu aitwaye Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Zanzibar na kuona maiti ikipasuliwa. Yeye ndiye aliyeshika kisu. Walitoa moyo na matumbo yote, wakavizika ndani ya kopo chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma dua kutoka kwenye kitabu cha sala cha Kanisa la Anglikana, kisha akachonga maandishi kwenye gome la mti.

Angalia walivyofikiri. Kuoza huanzia tumboni, kwa hiyo tumbo liliondoka kwanza. Chumvi hunyonya maji, na pasipo maji bakteria hawafanyi kazi, kwa hiyo kifua kilijazwa chumvi. Brandi waliyokuwa nayo waliitumia usoni na kwenye nywele. Kisha mwili uliachwa juani kwa siku 14, ukigeuzwa mara moja kila siku ili ukauke pande zote. Miguu ilikunjwa magotini ili mzigo uwe mfupi. Wakauzungushia kitambaa, wakauingiza ndani ya gome la mti lililotolewa zima, wakauviringisha kwa turubai la tanga, wakaufunga kwenye mti wa kubebwa na watu wawili. Yote haya yalifanyika mwanzo wa kiangazi cha nchi ile. Mei hiyo hiyo, Miono na pwani yote iko kwenye masika. Chumvi ingelowa siku ya pili na kazi ingeharibika. Kwa hiyo anayetaka kutumia njia hii huku kwetu asubiri Agosti, na chumvi aichukue Saadani, ambako inavunwa kwenye mabwawa ya maji ya bahari.

Walitembea zaidi ya kilomita 1,500. Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na msafara wa Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone, akawashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Mbele kidogo watu wa vijijini walikataa maiti isipite katika nchi yao, na msafara ukacheza mchezo ambao napenda kuuhadithia kila nikipata msikilizaji. Walifunga mabua ya mtama ndani ya nguo kwa umbo la maiti, wakayatuma kurudi Unyanyembe kama vile wanakwenda kuzika, waliobeba wakayatupa porini usiku. Mwili wa kweli wakaufunga upya kama bunda la nguo za biashara, ukaendelea na safari. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo, wakaulaza katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, kwenye jengo ambalo mnara wake bado unasimama.

London, Aprili mwaka huo, daktari William Fergusson alihitaji kuthibitisha kwamba huyu kweli ni Livingstone. Hakuuangalia uso. Alitafuta mfupa wa mkono wa kushoto, akakuta mahali ulipovunjika bila kuunga vizuri baada ya simba kumng'ata mwaka 1844. Mfupa ulishuhudia. Tarehe 18 Aprili akazikwa Westminster Abbey.

Wainwright alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza siku hiyo. Chuma na Susi hawakupandishwa meli iliyobeba mwili. Walifika Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha, wakasaidia kuandaa shajara za mwisho za bwana wao kwa ajili ya kuchapishwa. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, Susi mwaka 1891. Hakuna aliyewakausha juani wala kuwabeba miezi tisa. Mimi naona kazi iliyofanyika Chitambo kuwa kubwa kuliko safari zote za yule aliyehifadhiwa, na kila mwanafunzi wa Bagamoyo anayejua jina la Livingstone ajue na jina la Farijala.

Kugeuka jiwe

Sehemu hii haihitaji juhudi yako. Ukishafunikwa vizuri, maji ya chini ya ardhi yanayobeba silika na kalsiamu iliyoyeyuka hupita kwenye vitundu vya mfupa, vile vilivyokuwa na mishipa na uboho, na kuacha madini humo. Polepole madini mapya hujaza nafasi, na mengine huchukua mahali pa madini ya awali, umbo likibaki lile lile. Mfupa huwa mzito. Juu yako tabaka huongezeka na kukandamiza. Kuna viumbe vya bahari vya enzi ya Jurasiki, amoniti wenye magamba yaliyojikunja, waliofika hatua hii na kukutwa ndani ya miamba ya bara ya Bagamoyo, mahali ambapo leo ni mashamba na vichaka. Hao hawakuwahi kuona nchi kavu hata siku moja. Bahari ndiyo iliyoondoka.

Hatua ya mwisho: kutana na mtu anayejua kuangalia

Kisukuku ambacho hakuna aliyekitambua ni jiwe tu. Ardhi lazima iinuke, mvua imomonyoe, uchungulie nje, na katika muda mfupi kati ya kuchungulia na kusagika apite mtu mwenye macho. Wengi wameshindwa kwenye hatua hii baada ya kufaulu zote kwa mamilioni ya miaka.

Tendaguru ilikuwa na bahati ya watu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani waliandika barua na vitabu, lakini waliochimba, waliofunika mifupa kwa udongo na gundi, waliotengeneza vizimba vya mianzi vya kuisafirishia na kuibeba kichwani siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, walikuwa watu wa huko, mamia kwa mamia. Zaidi ya tani 200 ziliondoka. Mmoja wa dinosauria waliochimbwa humo anasimama Berlin tangu mwaka 1937, na kimo chake ni mita 13.27. Aliyekuwa msimamizi mkuu na fundi wa kutoa mifupa ardhini aliitwa Boheti bin Amrani. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2007, dinosauria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Nafurahi kila nikiliandika jina hilo. Mifupa yenyewe bado iko Berlin, na naamini Watanzania wana haki ya kuiulizia bila kuona haya.

Kwa hiyo ukiwa unalima Miono, unachimba kisima, au unachota mchanga wa kujengea kwenye korongo la Wami, ukakuta kitu chenye umbo la mfupa, usikioshe kwa sabuni, usikigundishe, wala usikipeleke nyumbani. Kama kinaonekana ni cha mtu, acha kuchimba na umwite mwenyekiti wa kijiji kwanza. Huenda ni kaburi la mtu wa jirani, na heshima yake inatangulia udadisi wako. Kama ni cha kale, piga picha na uweke jembe pembeni ili ukubwa uonekane, na uchore alama ya mahali, kwa sababu kisukuku kilichohamishwa bila mtu kujua kilitoka tabaka gani kimepoteza nusu ya habari zake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka ugunduzi wa namna hii utolewe taarifa serikalini. Fuvu la Zinjanthropasi lenyewe lilianza kwa vipande vichache kwenye mteremko, na lililobaki lilipatikana kwa kuchekecha udongo wa hapo hapo hadi vipande vikafika mamia. Angekuwepo mtu mwenye pupa akaondoka na meno mawili, tungekuwa na meno mawili.

Watoto wa shule wanaweza kujifunza kupima kwa dakika moja. Tazama mahali palipovunjika: jiwe la kawaida limeshikamana, mfupa una vitundu vidogo vilivyopangika. Kisha futa vumbi, ugusishe kidogo kwenye ncha ya ulimi. Mfupa wa kale mara nyingi hunata, kwa kuwa vitundu vile vinanyonya mate, jiwe halinati. Ukinata, urudishe pale pale ulipoutoa, ukiuelekeza kama ulivyoukuta, uufunike kwa udongo mwembamba, na upige simu ofisi ya kata.